Baa Kongwe ya Moshi Kugeuzwa Mgahawa wa Piza: Kipi Hasa Kimepotea?

Katikati ya mji wa Moshi, baa iliyojulikana kwa miaka mingi kwa bia, nyama choma na ndizi sasa ni mgahawa wa piza. Kaunta imebomolewa, tanuri la kuni limejengwa mahali pake, na wateja wa zamani wanalalamika kwamba mji unapoteza urithi. Lalamiko lao lina uzito, ingawa si kwa sababu wanayoitaja.

Kisheria, hoja ya urithi ni dhaifu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1886, ilhali mji huu ulikua kwa kufuata reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwaka 1911. Kwa hiyo jengo la mjini hapa, lisipotangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa, hubaki katika uamuzi wa mwenye nyumba. Kichekesho ni kwamba mgeni, yaani piza, ndiye mwenye hati: ufundi wa wapika piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017.

Mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Siku za kazi baa huruhusiwa kuuza kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku, na hivyo jengo hulala kutwa. Mgahawa huanza kuingiza fedha tangu mchana, kwa familia na kwa watalii walioshuka mlimani wakiwa na hamu ya chakula tofauti na kile cha kambini. Isitoshe, baa ile haikuwa ya wote. Mwanamke aliyeketi pale peke yake alisemwa. Leo mama huingia na wanawe bila macho ya watu kumfuata.

Hata hivyo, pale ndipo vilipofanyika vikao vya harusi na vya misiba. Mjumbe wa kamati aliagiza soda moja, akakaa saa tatu, huku mweka hazina akisoma majina ya waliotimiza ahadi zao za michango, na aliyeishiwa aliandikwa kwenye daftari la kaunta hadi mwisho wa mwezi. Desemba, Wachaga waliorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko walikutana humo na jamaa waliopotezana nao kwa miaka. Piza haiwezi kubeba kazi hiyo, kwa kuwa huliwa ingali ya moto, kisha bili huletwa na meza husubiriwa na wengine. Kamati ya watu 15 haitamudu kuiagiza kila Jumamosi kwa miezi miwili.

Wapo wanaosema kamati zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp na michango hutumwa kwa simu. Ni kweli kwa sehemu, lakini katika kundi asiyechanga hunyamaza tu, wakati mezani alilazimika kujieleza, na mara nyingi akasaidiwa.

Kuhusu tanuri, niko upande wa mwenye nyumba. Kosa lake naliona uani, palipokuwa pakikaliwa na kamati hizo, ambapo sasa ni maegesho ya magari manne. Viti vya plastiki bado vimerundikwa stoo, na kati ya saa 9 na saa 11 alasiri wahudumu wa mgahawa wenyewe hukaa wakipiga soga kwa kukosa wateja; kamati zingeweza kurudishiwa ua kwa saa hizo.