Nne na Kidogo

Najua mmeshaiona. Ile video ya sekunde 40 ya mimi na Hilux yangu sokoni Mto wa Mbu, ambayo shemeji yangu aliirusha kwenye grupu la familia, ikavuka ikaenda la mtaa, sasa imefika hadi kwa mafundi. Sasa nisikilizeni na mimi mwenye gari, maana shemeji kaanza na mwisho.

Difu ya nyuma ya Hilux yangu, yaani lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawia tairi nguvu, ilianza kuimba. Ile Hilux ya zamani, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi pembe zote nne. Ukikanyaga mafuta kimya, ukiachia inanguruma kama nyuki kwenye debe. Kelele ya kuachia mafuta mara nyingi ni beringi za pinioni, ile gia ndogo inayozungusha kraun, gia kubwa ya ndani ya difu. Nikafungua nati ya chini kumwaga oili, ikatoka inametameta kama rangi ya kucha. Chuma kimeshaanza kusagika.

Hapo mtu mwenye akili ana njia tatu. Ya kwanza, beringi mpya, shimu (vibati vyembamba vya kuweka nafasi) zipangwe upya, na upate fundi mwenye saa ya kupimia mchezo wa kraun na pinioni, si wa kupima kwa kutikisa na kusema "iko sawa". Ya pili, ubadilishe kichwa cha difu peke yake: unafungua nati 4 nyuma ya kila sahani ya breki, unavuta shafti zote mbili nje kidogo, unafungua nati 10 za kichwa, kinatoka kizima, kingine kinaingia. Asubuhi hadi mchana umemaliza. Ya tatu, ubadilishe ekseli yote.

Mimi nikachagua ya tatu. Sababu yangu, ambayo niliitangaza kwa sauti: oili sili ya kushoto, raba inayozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo nyumba ya ekseli imepinda. Ekseli iliyopinda kweli huua sili. Ila huwa inakula na tairi upande mmoja, na tairi zangu zilikuwa zimelika sawasawa kabisa. Hilo nililiona. Nikaliacha lipite.

(Wale wa "si ungeuliza": niliuliza humu humu. Mkanijibu kwa vikaragosi vya spana.)

Nikaenda kwa muuza spea, nimhifadhi jina. Ekseli ilikuwa imelala juu ya mawe mawili, nzuri, imetoka Hilux nyingine ya dizeli: stadi 6, vikalio vya springi mahali pale pale, ngoma za breki zile zile. Kilichobaki ni uwiano wa difu, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye ekseli) inazunguka mara ngapi tairi zikizunguka mara moja. Gari langu ni 4.10, nililijua kama namba yangu ya simu. Kwenye gari zima unaangalia kibati cha injini, kuna msimbo wa ekseli. Lakini ekseli iliyolala juu ya mawe haina kibati. Inabidi uhesabu.

Nikachora mstari wa chaki kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, mwingine kwenye ngoma. Nikazungusha flenji hadi ngoma zote mbili zikamaliza mzunguko mmoja. Moja, mbili, tatu, nne... na kidogo.

"Ngapi?" akauliza muuzaji.

"Nne na kidogo."

"Hilux zote nne na kidogo, bosi."

Na ndugu zangu, hakudanganya! Difu za Toyota za ukubwa huu mara nyingi huja na 4.10, 4.30, 4.56 na 4.88. Zote nne na kidogo. Tofauti yote iko kwenye hicho kidogo. Ndiyo maana huzungushi mara moja: unazungusha ngoma mara 10, ndipo flenji inakwambia 41 au 43 au 45 na nusu hivi. Na ikiwa ngoma moja imeshikwa, hiyo nyingine uizungushe mara 20, la sivyo utapata nusu ya jibu. Au ufungue kichwa uhesabu meno: 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30. Mara nyingi idadi imegongwa hata ubavuni mwa kraun. Dakika kumi za kazi. Mimi nilikuwa nawahi kununua chipsi.

Kufunga tulifunga vizuri, hilo hata shemeji hapingi. Stendi chini ya chesisi, mawe mbele ya tairi za mbele, flenji ya propela tukaipiga alama ya rangi, paipu ya breki kwa spana ya kumi, kebo ya hendibreki, shokomzoba, ile fimbo ya kupimia mzigo kwenye breki, yu-bolti 4 mpya. Kipumulio, kitundu cha hewa cha ekseli, tukakizibua, maana kikiziba oili inatafuta njia kwenye sili. (Cha ekseli yangu ya zamani kilikuwa kimeziba kwa tope. Ndiyo, ndicho kilichokuwa kinaua sili. Tuendelee.) Oili ya difu lita 2 na ushee, hadi ichungulie kwenye tundu la kujazia. Breki tukatoa upepo. Kimya kabisa, haingurumi.

Na gari likachangamka! Linavuta kuliko zamani. Nikaandika grupuni, maneno yangu mwenyewe yapo, shemeji ameyahifadhi: "Ekseli yenye afya utaijua tu." Hata safari ya kutoka Arusha hadi Makuyuni, ambayo odometa yangu huisoma kilometa 80, ikasoma 84. Nikasema odometa imezeeka. Gari linavuta zaidi, odometa inazidisha kwa asilimia 5 hivi, na mimi napiga mluzi. Kwenye mbili-wili, tairi za nyuma tu zikisukuma, ekseli ya nyuma ikiwa 4.30 (kumbe ndiyo niliyonunua) na ya mbele 4.10 hakuna atakayelalamika, maana ya mbele inaburutwa tu.

Jumamosi tukaenda upande wa Engaruka, mimi mbele, shemeji nyuma na gari lake. Mvua ilinyesha usiku, ule udongo mweusi umekuwa ugali wa mtama. Nikashuka, nikafunga habu za mbele ili tairi zishikane na shafti zake, nikaingiza foo-wili, tairi zote nne zisukume. Tukapita kama mabwana. Kwenye tope tairi zinateleza, kwa hiyo ekseli mbili zinazogombana zinapata pa kusuluhishia.

Wakati wa kurudi njia ikaanza kukauka. Usukani ukawa mgumu. Tairi zikawa zinalia "nyii". Nikavuta gia ya foo-wili itoke: haitoki. Nikavuta kwa mikono miwili: haitoki. Nikasema, ngoja nifike kwenye lami nitaitoa kwa raha zangu.

Kwenye lami. Jamani.

Hesabu yake ni hii, na niliifanya nikiwa nimekaa pembeni na aibu yangu: mzunguko ule ule wa propela, tairi za mbele zinakwenda mbali kuliko za nyuma kwa asilimia 5 kasoro. Kila mita 20, karibu mita nzima haina pa kwenda. Kwenye lami kavu tairi haitelezi kirahisi, kwa hiyo ile mita inajikunja ndani ya shafti na gia kama nguo inayokamuliwa, halafu tairi inashindwa, inaruka, inaanza upya.

Ndivyo nilivyoingia sokoni Mto wa Mbu. Nyii, tap! Nyii, tap! Gari linadunda, kichwa changu kinaitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo" kwa watu nisiowajua. Watalii wawili wakashusha kamera kutoka kwa nyani wakanielekezea mimi. Likazimika mbele ya meza ya ndizi nyekundu, sawasawa. Mama muuza ndizi akalitazama gari kuanzia taa hadi bampa ya nyuma, kwa huruma ya kweli, akasema:

"Baba, gari yako ina kwikwi. Ipe maji."

Shemeji alikuwa ameshashuka. Simu iko juu. Sikuiona.

Nikajifanya najua. Propela zikiwa zimejikunja namna ile, dawa ni kurudi rivasi kwa mstari mnyoofu, au kunyanyua tairi moja ili mkunjo utoke. Nyuma kuna bajaji tatu na punda, kwa hiyo jeki. Nikapiga magoti nyuma ya tairi ya mbele kushoto, meza ya ndizi iko mgongoni kwangu. Nikapampu. Tairi ikaanza kuwa nyepesi. Nikasogeza uso karibu kuona kama imeachia lami.

Polepole, kama mlivyoona, maana shemeji ameipunguza kasi: tairi inaachia. Inatulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu mkunjo wote wa kilometa mbili unatoka kwa mkupuo, tairi inajizungusha yenyewe kwenda mbele, na tonge zima la udongo wa Engaruka linachomoka kwenye kashata zake kurudi nyuma. Kuna picha moja hapo, tonge liko hewani, mimi nimefumba jicho moja na kufungua mdomo. Kwa nini nilifungua mdomo sijui. Nadhani nilitaka kusema "imetoka".

Vipande viwili vikatua kwenye ndizi. Mama akavifuta kwa kanga, akaniuzia kichane kile kile.

Mengine ni mafupi. Gia ikatoka kwa kidole kimoja. Nikarudi Arusha kwa mbili-wili nanuka mbuga. Jointi za propela ya mbele zilikuwa zimelegea, nikabadilisha. Ekseli ya zamani fundi aliipima, imenyooka kama rula, ilitaka beringi tu. Nimeamua nyuma ibaki 4.30 na kutafuta kichwa cha 4.30 cha mbele, kwa sababu ninafikiria tairi kubwa zaidi na uwiano huo utazibeba. Juzi nimekipata: nimehesabu meno 43 mara tatu, kwa sauti, muuzaji akinirekodi.

Jana tulialikwa kwa mama mkwe. Hakusema lolote kuhusu gari, nikashukuru Mungu, nikanawa mikono, nikakaa. Akaja na sahani.

"Baba, nikuwekee chapati ngapi? Nne na kidogo?"

Shemeji akamwaga chai.