Ahadi ya mtu asiye na kitu mfukoni

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam. Mwezi uliopita wenzake wa chumba walikuta sentensi kwenye daftari lake: "Nikianza kazi, asilimia 10 ya mshahara nitawapa watu nisiowajua." Walimcheka siku nzima. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limeisha wiki mbili zilizopita, chipsi anakula kwa kukopa, halafu anagawa mshahara wa mwajiri ambaye bado hajamwajiri! Aliponisimulia, nami nilicheka. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nilichekea nini.

Wanaocheka wana hoja, na ukitaka kuiona vizuri piga hesabu ya makato. Chukua mhitimu wa Tanzania aliyepata ajira sekta binafsi kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 80,000. Kodi ya mapato ni 60,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Anabaki na 540,000, na hapo hajalipa chumba wala nauli, wala hajapokea ile simu ya mama inayoanza na "mwanangu, mdogo wako amerudishwa nyumbani". Asilimia 10 ya mshahara kamili ni 80,000 nyingine. Ukiitoa, yanabaki 460,000. Na hapa tunamzungumzia aliyebahatika kupata kazi.

Kuna hoja nyingine, tena kali zaidi: ahadi ya kesho ni kichaka kizuri cha kujifichia leo. Mwaka 2012 mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, alishawishiwa na mwanafalsafa William MacAskill kwamba njia bora ya kuwasaidia maskini ni kwanza atafute pesa nyingi, kisha azitoe. Mwanafunzi huyo alikuwa Sam Bankman-Fried. Novemba 2022 kampuni yake ya sarafu za kidijitali, FTX, iliporomoka, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25 baada ya kupatikana na hatia ya kuiba fedha za wateja. Anayetaka kukejeli hahitaji kutafuta mfano mwingine.

Lakini MacAskill huyohuyo, pamoja na mwanafalsafa mwenzake Toby Ord, ndiye aliyeanzisha Giving What We Can, umoja wa watu wanaoahidi kutoa, pale Oxford, Uingereza, mwaka 2009. Walianza watu 23, kila mmoja akiahidi asilimia 10 ya kipato chake hadi atakapostaafu. Sasa wamevuka 9,000. Sehemu ya fedha za watu wa namna hii hununua vyandarua vinavyotundikwa Uganda na Kongo, kwa hiyo jambo hili lipo karibu nasi kuliko linavyosikika. Kinachonivutia kwa Ord ni hesabu yake. Alijiwekea kikomo cha kuishi kwa pauni 20,000 kwa mwaka, baadaye akakishusha hadi 18,000, na kila kinachozidi anatoa. Akaona kwamba kwa maisha yake yote ya kazi angeweza kutoa pauni milioni moja. Alikuwa ametoka tu kwenye maisha ya mwanafunzi, na yale maisha aliyapenda. Hakujinyima alichokizoea, alikataa kuzoea zaidi.

Hapo ndipo mpwa wangu alipowazidi waliomcheka. Mtu wa miaka 22 anajua kuishi na kidogo, maana ndivyo anavyoishi. Mngoje afike 35, awe na gari la mkopo na kiwanja Kigamboni kinachodai msingi, umwombe asilimia 10. Atakusikiliza kwa heshima, kisha atakwambia subiri.

Kuna utafiti wa mwanauchumi Anna Breman wa Sweden, uliochapishwa 2011, ambao sichoki kuurudia. Aliwachukua watu ambao tayari walikuwa wakilichangia shirika la misaada kila mwezi. Baadhi waliombwa waongeze mchango papo hapo, wengine waliombwa waahidi kuongeza baada ya miezi miwili. Waliopewa muda waliongeza kwa asilimia 32 zaidi ya wale wa papo hapo. Asilimia 32, kwa kusogeza tarehe tu! Na walipofuatiliwa baadaye, walioacha kuchangia walikuwa wachache mno. Najua utaniambia miezi miwili si miaka minne, na kwamba wale walikuwa na kazi pamoja na agizo la benki linalokata bila kuwauliza. Ni kweli. Ila angalia kilichofanya kazi pale: mkono ni mwepesi kwa pesa ambayo haijaingia mfukoni, mradi kuna kitu cha kuikata ikishaingia.

Kitu hicho sisi tunacho, tunakitumia kila Jumamosi. Ingia kundi la WhatsApp la kamati ya harusi yoyote. Kuna orodha: jina, ameahidi, ametoa, baki. Nusu ya walioahidi hawakuwa na hiyo pesa siku ya kikao. Wanalipa kwa sababu mweka hazina hana haya, anapiga simu hata saa tatu usiku. Washarika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, nao huandika ahadi ya mwaka na kupewa bahasha zenye namba. Kwa hiyo anayesema kuahidi pesa ambayo huna ni mambo ya Wazungu, nadhani hajakaa vikao vya kutosha. Daftari la mpwa wangu lina tatizo moja: hakuna mweka hazina anayelijua.

Na kiwango. Asilimia 10 katika makato yale ni kumtafutia kijana sababu ya kuacha mwezi wa tatu. Asilimia moja ya kile kinachobaki mkononi ni 5,400, pungufu ya vocha zake. Tena sioni kwa nini ndugu wasihesabiwe. Hadithi ya Mtume inasema sadaka kwa maskini ni sadaka moja, na kwa jamaa ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Ada ya mdogo wake iingie kwenye daftari kwa safu yake, na mtu asiyemjua awe na safu yake, hata ikiwa nyembamba. Nachelea tu kwamba safu ya ndugu haijawahi kujaa, na ile ya pili, isipotengwa mapema, humezwa.

Nilimwambia hayo. Alibishana kidogo, akakata ile 10, akaandika 1. Chini yake akaweka namba yangu ya simu na neno "mweka hazina", bila kuniuliza. Halafu akataka kujua yangu ni asilimia ngapi.