Danio na ngozi ya binadamu: anaaminika mpaka wapi?

Danio ni samaki mdogo wa mito ya Asia Kusini, mwenye mistari ya buluu ubavuni. George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alianza kumfanyia utafiti wa urithi miaka ya 1970, na leo anatumika kuchunguza hata magonjwa ya ngozi ya kurithi. Wapo wanaomsifu kana kwamba yeye mwenyewe ndiye dawa. Wengine wanauliza: samaki na ngozi ya mtu, wapi na wapi?

Kwa ualbino, unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 1,400 hivi nchini Tanzania, hao wa pili wana kazi ya kujibu. Mayai ya danio hukua nje ya mwili wa mama na kiinitete chake ni angavu, kwa hiyo kufikia siku ya pili seli zenye melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, huonekana kwa darubini bila kupasua chochote. Mwaka 2005 timu ya Keith Cheng wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, ilionyesha kwamba danio wa aina ya golden, ambaye mistari yake imefifia, ana hitilafu katika jeni ya slc24a5. Viinitete vyake vilipodungwa RNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya jeni hiyohiyo ya binadamu, weusi ulirudi. Baadaye, mwaka 2013, ilibainika kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa mtu huleta aina mojawapo ya ualbino, OCA6. Jeni ya mtu imefanya kazi ndani ya samaki. "Wapi na wapi" haitoshi tena.

Lakini kinachowaua wengi wenye ualbino ni saratani ya ngozi inayotokana na jua, na hapo danio anaishiwa maneno. Kwa binadamu, melanini huhama kutoka seli iliyoitengeneza na kuingia katika seli jirani, ikavifunika viini vyake visichomwe na mionzi. Kwa danio hubaki katika seli yake. Hana tezi za jasho wala za mafuta, hana nywele, na juu ya ngozi yake hakuna lile tabaka gumu la seli zilizokufa. Pana ute tu.

Upungufu huo unauma zaidi kwenye iktiosisi, magonjwa yanayokausha ngozi na kuifanya ipasuke. Watafiti walipoizima kwa danio jeni ya abca12, ambayo ikiharibika kwa mtu huleta iktiosisi kali, ngozi iliharibika na samaki wakafa mapema. Ni ushahidi kwamba jeni hiyo ina kazi ngozini, sawa. Ila mtoto mwenye ugonjwa huo anapoteza maji hewani kupitia nyufa, na samaki anaishi majini. Hapo ningeziamini zaidi seli za ngozi ya mtu zinazokuzwa maabara.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa danio hulipitia harakaharaka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa maabara haiwahesabu vifaranga ambao hawajaanza kujilisha wenyewe, na kwa danio hizo huchukuliwa kuwa siku 5 za mwanzo. Ndiyo maana majaribio mengi hufanyika ndani ya siku hizo: ni rahisi, ni nafuu, na dhamiri haisumbuki sana. Bahati mbaya, umri huo ngozi ya danio ina matabaka mawili tu ya seli. Mengine huja baada ya wiki kadhaa. Anayetaka ngozi inayoikaribia yetu lazima amfuate samaki mpaka awe mkubwa, na hapo suala la maumivu linarudi mezani.

Kwa kuchuja kemikali zinazogusa melanini, naunga mkono danio aendelee kutumika, maana kemikali huchanganywa tu na maji yake. Ila iliyofaulu kwake ikapimwe kwenye ngozi ya binadamu iliyokuzwa maabara kabla mtu hajathubutu kuiita dawa. Na bajeti yake isiguse ya losheni ya kukinga jua ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua linawachoma leo.