Ipige Dhahabu, Fundi

Wateja wangu wote wana ombi moja: ing'ae. Hajawahi kuingia mtu dukani akasema anataka kadi inayosomeka. Ing'ae. Ukimuuliza ing'aeje, anakupa simu yake uone kadi ya harusi ya mtoto wa jirani, imepigwa picha ukumbini gizani, na dole gumba la mpigaji limeziba nusu ya jina la bwana harusi. "Kama hii, fundi. Ila yetu izidi."

Sisi wa stesheneri za Mbagala tunafanya kila kitu. Fotokopi, paspoti saizi, barua ya kuomba kazi, laminesheni ya cheti cha kuzaliwa. Hizo hazina kelele. Mtu akileta barua ya kuomba kazi hasemi uiwekee kivuli. Balaa linaanza akishajua kwamba kompyuta yangu ina Photoshop, ile programu ya kutengenezea picha.

Waliotengeneza hiyo programu sina ugomvi nao kwa mengi. Ila mwaka 1998, kwenye toleo la 5, walileta efekti za leya, yaani mapambo kama kivuli na mng'ao yanayowekwa kwenye tabaka moja moja la picha, na mwaka 2000, kwenye toleo la 6, wakazikusanya kwenye kidirisha kimoja. Kabla ya hapo kivuli cha maandishi ulikipata kwa jasho: unanakili herufi, unazipaka nyeusi, unazififisha kingo, unazisogeza chini kidogo mwenyewe. Mteja akitaka kivuli kihamie upande wa pili, unaanza upya. Naamini mafundi wa enzi hizo walikuwa na haki ya kusema haiwezekani, na wakaaminiwa. Mimi siku hizi nabofya leya mara mbili, naweka tiki, kivuli hicho, na mwenyekiti wa kamati kasimama nyuma ya kiti changu anaona. Hapo nimekwisha. Mtu akishajua ni tiki tu, atataka tiki zote.

Na ziko kumi. Kivuli cha nje, kivuli cha ndani, mng'ao wa nje, mng'ao wa ndani, mstari wa kuzungushia, kuinua kingo, satini, halafu kufunika kwa rangi, kwa gradienti na kwa mchoro. Hiyo satini sijawahi kumsikia mteja akiiomba, lakini akiiona imewekwa, haitoki tena. Mwaka 2015 wakaongeza alama ya kujumlisha pembeni ya baadhi yake, kwamba kivuli kimoja hakitoshi, unaweza kuviweka mpaka kumi kwenye leya hiyo hiyo. Nani aliwaomba? Mteja akisogeza uso karibu na skrini, hako kaalama nakaziba kwa kidole, najifanya nafuta vumbi.

Chukua hii dhahabu. Mtu akisema "ipige dhahabu" anadhani humo ndani kuna kopo la dhahabu. Unafunika herufi kwa gradienti inayoanza kahawia, inapanda njano, inakaribia nyeupe, kisha inashuka tena kahawia. Unainua kingo, zile kali zilizochongwa, siyo zile za mviringo. Unazungushia mstari mwembamba wa kahawia iliyokoza, kivuli chini, kwisha. Ukiwa na mkono mzuri herufi inasimama kweli, na mimi huwa nakaa kidogo naitazama kabla sijamwita mwenyewe. Lakini ni njano na kahawia, basi. Kwenye skrini inawaka kwa sababu skrini yenyewe ni taa. Kwenye karatasi taa haipo, kuna wino wa rangi nne. Mama wa bibi harusi anaichukua kadi, anatoka nayo mpaka barazani, anaigeuzageuza juani, anarudi. "Fundi, dhahabu yangu mbona imekuwa binzari?" Namweleza kwa adabu kuwa dhahabu ya kung'aa kwenye karatasi ni foili, inabandikwa kwa joto, ina mashine yake na ina bei yake. Akishaisikia bei, binzari inapendeza.

Kamati ya harusi ndiyo kiboko yao. Wanakuja kwa ujumbe: mwenyekiti, mhazini, na shangazi ambaye hana cheo ila ndiye mwenye neno la mwisho. Juzi shangazi kaona kivuli cha jina la bibi harusi kinaangukia kulia, kinagusa jina la bwana harusi. "Mtoto wetu asianze kumlalia mtu kabla ya ndoa. Kihamishe."

Nikazungusha pembe ya mwanga. Sasa Photoshop ina jua moja. Kuna kisanduku cha mwanga wa pamoja, na kikiwa na tiki, ukigeuza pembe kwenye leya moja, zote zinazotumia mwanga huo zinageuka nayo. Jina la bibi harusi likaelekea kushoto, likafuatwa na "Kadi ya Mchango", na tarehe ya mwisho ya kuchangia, na namba ya simu ya kutumia pesa. Mhazini akashtuka. "Namba yangu umeifanya nini?" Hajaifanya mtu kitu, mzee, ni kivuli. Hapana, ilikuwa inatazama huku, sasa inatazama huku, watu watatuma kwa nani? Ikabidi bibi harusi nimtoe tiki, nimpe pembe yake, halafu lile jua la wote nilirudishe lilipokuwa. Kadi ikatoka na majua mawili, moja la ukoo wa kikeni, jingine la michango. Shangazi akaitazama akasema sasa imetulia.

Wa makanisa nao wana yao. Bango la mkesha, mchungaji katikati na suti yake, mng'ao mweupe umzunguke, na nyuma pawe peupe pe. Nikaweka mng'ao. Hauonekani. Nikaukuza. Hauonekani. Mng'ao wa nje unakuja umetegwa kwenye hali ya kuongeza mwanga tu, na nyeupe haina pa kuongezewa. Nikamweleza kijana wa kwaya aliyetumwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, labda ni imani." Nikapaka nyuma bluu iliyokoza, mng'ao ukajitokeza wenyewe. Akasema amina. Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpunguza mchungaji tumbo.

Hata msiba haujapona. Alikuja mzee na picha ya marehemu kaka yake, anataka jina lififie kidogo, kuonyesha ametutoka. Sawa. Vipimo viko viwili, cha kwanza kinafifisha leya pamoja na mapambo yake yote, cha pili, cha ujazo, kinafifisha herufi zenyewe na efekti zinabaki. Nikashusha cha ujazo mpaka sifuri, achague mwenyewe anataka kiasi gani. Jina likatoweka, kikabaki kivuli kandokando ya mahali lilipokuwa. Mzee akavua kofia. "Acha hapo hapo." Nikasema shikamoo tena mzee, lakini watu watajuaje ni msiba wa nani? "Anayemjua atamjua." Tulisumbuana mpaka fotokopi ikapanga foleni, tukakubaliana asilimia 40.

Wanaonimaliza kabisa ni wenye wapwa. Kadi umeitengeneza ya kutuma WhatsApp, ndogo, safi, pesa umelipwa nusu. Wiki ya pili anataka bango la ukumbini, na kwa kuwa mpwa wake ana laptop, anaona bora akuombe faili tu. Mpwa anakuza. Efekti zinapimwa kwa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, na kile kisanduku cha kukuza mitindo pamoja na picha, mpwa hakukiona. Herufi zimekuwa mapande ya watu, mstari wa kuzungushia umebaki ule ule wa pikseli tatu, uzi mtupu, na kivuli kimejibana chini ya herufi huwezi kukiona bila miwani. Anarudi nalo limekunjwa kwapani. "Mpwa wangu anasema ulituwekea efekti za bei rahisi." Na ile nusu iliyobaki? "Tutaangalia, fundi."

Wa fulana sitaki hata kuwazungumzia. Mashine inakata plastiki ya rangi moja ya kubandika kwenye fulana, ina kisu, itakataje ukungu? Wanataka mng'ao kifuani.

Jana jioni nimeshateremsha nusu ya shata, akaingia katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mtu mzima, heshima zake, mkoba wa karatasi kwapani. Anataka muhuri wa kikundi. Nikafurahi, muhuri ni kazi ya amani: duara, jina, sanduku la posta, mahali pa tarehe. Nikamchorea hapo hapo. Akauangalia muda mrefu.

"Ni mzuri. Sasa upige dhahabu."

Nikamwambia mzee wangu, muhuri ni mpira, unachovya kwenye wino, unagonga. Wino ni rangi moja. Ukichovya bluu unatoka bluu, ukichovya zambarau unatoka zambarau. Dhahabu haina pa kukaa.

Akatikisa kichwa, ameelewa. Akaushika mkoba wake vizuri.

"Basi dhahabu toa. Niachie kivuli."