Usiku wa Unguja usiachiwe wageni peke yao

Siku za sikukuu ya Idd, viwanja vya Kariakoo hapa mjini Unguja hujaa watoto na wasichana waliovaa nguo mpya. Taa zinawaka, aiskrimu zinawachuruzika mikononi, na hakuna mzazi anayemuuliza binti yake anatafuta nini nje saa mbili za usiku. Ramadhani nayo, watu wakishatoka tarawehi, mitaa huchangamka hadi karibu na daku. Sikukuu ikipita, baraza hubaki za wanaume na baa za hoteli za wageni. Binti wa Fuoni anarudi chumbani na simu yake.

Vijana kadhaa wanataka kuliziba pengo hilo kwa kuandaa usiku wa mashairi, wa filamu za uwanjani, wa ngoma na muziki wao wenyewe. Mimi nawaunga mkono, ingawa wanaowapinga nao nawasikia.

Wapo wanaosema starehe za usiku zimeletwa na watalii. Hilo silikubali. Ikhwani Safaa, kikundi chetu cha taarabu, ilianzishwa mwaka 1905, na taarabu haikuwa ikipigwa adhuhuri. Ila mama aliyempeleka mwanawe soba hausi, nyumba ya kuwasaidia walioathirika na dawa za kulevya, simbishii. Unga, yaani dawa hizo za kulevya, umezichoma familia nyingi hapa Unguja, na mama huyo akisikia neno "pati" haoni mashairi, anamuona mwanawe. Mkaazi wa Mji Mkongwe naye ana haki yake. Nyumba zimebanana, vichochoro vinabeba sauti, na spika ikiwekwa uani inamfikia mgonjwa aliyelala ghorofa ya tatu, ambaye hakuna aliyemwendea kumwambia kuna shughuli.

Lakini tuwatazame na hao vijana. Kabla ya shughuli moja, kijana anazunguka kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), Baraza la Sanaa na polisi, na kila mzunguko ni nauli na siku nzima ya kazi. Fedha ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na kujulikana duniani, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Likikwama tamasha lenye jina kama hilo, vijana wanne na spika ya kukodi watafika wapi?

Halafu tunasema usiku uwe wa watu wote. Watu wote nani? Ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe unapendeza, lakini viti vyake ni ngazi za mawe. Mwenye kigari cha walemavu anabebwa na vijana wawili, mmoja huku na mmoja huku, mbele ya macho ya watu, na mara ya pili haji. Msichana naye anaangalia saa. Gari za kwenda Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, zikianza kuadimika, kwake yeye shughuli imekwisha, hata kama tangazo limeandikwa saa sita. Usalama wa mwanamke usiku hautoshi kuwekewa mlinzi mlangoni. Unaanza na gari ya kumrudisha kwao.

Kwa hiyo ningependa waandaaji waanze baada ya isha na wafunge saa nne na nusu, pasiwe na pombe, majirani waarifiwe wiki moja kabla, na nauli ya kurudi iingizwe ndani ya tiketi. Najua wapo vijana watakaonuna na kusema huo ni usiku wa skuli. Wana haki ya kununa, maana Nungwi na Kendwa muziki hupigwa ufukweni hadi usiku mkubwa na mgeni haulizwi. Sheria inayombana kijana wa mjini na kumwacha mwenye hoteli siitaki. Saa nne na nusu ninayoisema iwe makubaliano ya kuwatoa wazazi wasiwasi, na wakishaona watoto wao wanarudi salama, saa hiyo isogezwe.

Serikali ina cha kutoa bila kutumia fedha nyingi. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ina taa, kigari kinapita, spika inaweza kuelekezwa baharini, na akinamama wa mabuibui wameshazoea kukaa pale na watoto wao wakinywa juisi ya miwa. Vijana wapewe Jumamosi moja kwa mwezi, kibali cha mwaka mzima kwa ombi moja, na basi mbili za kusubiri: moja ya Fuoni, moja ya Bububu.