Maiti wa Kunduchi Alikuwa na Kamera

Ukitaka kuishi kwa amani katika jiji hili, piga picha za harusi. Bibi harusi hata umpige vipi, mama yake atasema kapendeza. Ndege hana mama wa kukutetea, ana wapiga picha wenzako.

Sisi tunakutana Jumapili jioni kwenye mgahawa mmoja Mwenge. Chai ya maziwa, vitumbua, kompyuta moja katikati ya meza, na kila mtu anatoa picha zake za wiki ili wenzake wazichambue. Na wanazichambua kweli, mpaka mfupa unaonekana. Yupo Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fizikia. Yupo Dada wa Benki, ambaye ukimwonyesha picha ya ndege haangalii ndege, anaanza na kona nne. Yupo Dogo, anayejua kila kitufe cha programu za kuhariri na hajui kunyamaza. Halafu mimi, muuza nyaya na balbu, Kariakoo.

Nilianza na kunguru, maana Dar kunguru anajileta mwenyewe. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Asili yao ni India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890, na tangu wavuke kuja bara hawajawahi kumwomba mtu nafasi. Nikampata mmoja juu ya ukuta, kanitazama usoni, kajaa fremu nzima. Nikaona hapa nimetisha.

"Hii ni picha ya pasipoti," alisema Mwalimu. Akachukua kijiti cha meno, akanionyesha kwenye kioo mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, inayoigawa picha theluthi theluthi. Jicho la ndege likae pale mistari inapokatana, na upande anaotazama uachiwe nafasi, apate pa kwenda. Dada wa Benki yeye aliuliza tu kwa nini kunguru ameota nguzo ya umeme kisogoni.

Basi wiki nyingine nikaleta mdiria wa Msasani, jicho kwenye theluthi, nafasi mbele ya mdomo, hakuna nguzo. Rangi nilikuwa nimezivuta kidogo kwenye programu. Ukali nao nikauongeza, manyoya yaonekane moja moja.

Dogo akaisogelea kompyuta. "Kaka, huyu mdiria kalipiwa na kiwanda gani cha rangi?"

"Na hii nuru nyeupe iliyomzunguka mwili mzima?" akaongeza Mwalimu. "Ni mtakatifu?"

Ukizidisha ukali, kila ukingo unaota mstari mweupe. Nilikuwa naujua huo mstari. Niliupenda.

Lakini hayo yote yalikuwa salamu tu. Kesi yangu kubwa ilikuwa moja: napiga kutoka juu. "Tunaona mgongo, ndege hatumwoni," alisema Dada. "Shuka." Nikachuchumaa. Wakasema shuka tena. Nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Bado. Mwalimu akaeleza kwa utaratibu wa darasani: lenzi ikiwa usawa wa jicho la ndege, ardhi iliyo nyuma yake inakuwa mbali sana na fokasi, inayeyuka yote, anabaki ndege peke yake. Ukisimama, kinachoonekana nyuma yake ni tope lililo hapo hapo miguuni, na kila kokoto linajitokeza.

"Sasa nishuke mpaka wapi, Mwalimu?"

"Lala."

Ndiyo maana Jumapili iliyofuata nilikuwa Kunduchi, nimelala kifudifudi juu ya gunia la mbolea. Nilichagua siku za bamvua, ambapo maji hukimbia mbali kabisa na ufuo. Huku kwetu hupwa hadi mwisho mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi. Mimi saa mbili nilishakuwa tayari. Na kwa kuwa ndege wa pwani wana wasiwasi kuliko mdaiwa, nilijifunika kanga ya mke wangu kuanzia kichwani hadi miguuni. Rangi ya kahawia, inayofanana na tope. Niliacha tundu dogo tu la lenzi ya milimita 400.

Akaja sululu. Kwa asiyemjua: ni yule ndege wa kahawia mwenye michirizi kichwani na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Huzaliana kaskazini kabisa ya dunia, kisha anasafiri mpaka kwetu kukimbia baridi. Mpindo wa mdomo wake si urembo, ni zana ya kazi. Nilimwona kwa karibu, kupitia lenzi, akiingiza mdomo wote kwenye shimo la kaa, akazungusha kichwa polepole kufuata kona ya shimo, akamtoa kaa mzimamzima. Akamkung'uta, mguu mmoja ukaruka. Akamkung'uta tena. Akampeleka kwenye kidimbwi, akamsuuza tope, ndipo akameza. Nakuambia, hapo nilisahau kupumua, jambo ambalo baadaye lilinigharimu.

Shida ilikuwa kichwa chake. Jicho lilikuwa kivulini. Nilihitaji ageuke kidogo tu upande wa jua, ile nukta ya mwanga iingie jichoni, maana bila nukta hiyo Dada wa Benki angeniambia nimempiga ndege aliyekaushwa. Kasi ya shata nilishaipandisha, sehemu moja ya 2000 ya sekunde. Nikasubiri.

Nyuma yangu nikasikia miguu ikichapa maji. Ni wale akina mama wanaookota chaza na kome maji yakipwa.

"Ee Mola wangu. Mtu."

"Wapi?"

"Si yule. Kafunikwa gubigubi."

"Labda kalala."

"Nani analala kwenye tope, wewe?"

Ningeweza kuongea. Lakini sululu alikuwa ameanza kugeuka.

"Hapumui," alisema mmoja, na alikuwa sahihi.

"Hebu soma kanga."

Kimya kidogo. Kisha sauti ya aliyekuwa anasoma silabi kwa silabi: "M-dha-ni-a-ye... ndi-ye si-ye."

"Basi huyo kauawa," akahitimisha mwenzake. "Hayo ni mambo ya mapenzi."

Mwingine akaanza, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wengine wakaitikia, na naapa ni hiyo sauti iliyomfanya sululu ainue kichwa. Jua likamwingia jichoni. Nikabonyeza. Kamera yangu ikikamata mfululizo inapiga kelele za cherehani, na kidole changu kilikuwa nje ya kanga.

"Kidole kimecheza! Jamani, maiti kacheza!"

Wakati huo kijana mmoja wa bodaboda alishateremka kutoka barabarani, simu mkononi. Hakuogopa. Alipiga magoti kwenye tope mbele yangu, akainamisha simu mpaka chini kabisa ili aone uso ulio ndani ya kanga. Yaani alikuwa ananizibia nusu ya fremu.

"Kijana," nilisema taratibu, bila kuondoa jicho kwenye kamera, "sogea kushoto, utamkurupusha."

Sitaweza kueleza vizuri kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu ndoo ya chaza ilinipata begani. Nilisikia mayowe yakienda pande nne za dunia. Sululu aliruka, akapita juu ya kichwa changu akilia. Kijana wa boda alianguka chali. Mama mmoja wa makamo, ambaye mpaka leo namheshimu, hakukimbia. Alirudi kufuata ndoo yake, akanipiga nayo mara ya pili, kwa uhakika.

Mjumbe aliitwa. Alinikuta nimeshakaa, kanga mabegani, tope mpaka kwenye nyusi, nimezungukwa.

"Wewe ni nani, na unafanya nini kwenye ufuo wetu?"

"Shikamoo mzee. Napiga picha za ndege."

"Marahaba. Umelala?"

"Wenzangu walinishauri nishuke."

Hakuamini, akataka ushahidi. Nikamfungulia kioo cha kamera. Alikitazama kwa muda, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Mbona mkia umeukata?"

Jioni nilifika Mwenge nimeoga, bega limevimba, picha yangu tayari kwenye kadi. Nikakuta hawaniongeleshi, wote wameinamia kompyuta. Dogo alikuwa ametumiwa picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwao, chini yake pameandikwa MAITI AONGEA KUNDUCHI.

Ilikuwa kazi ya kijana wa boda, wakati anaanguka. Sululu yuko juu kulia, mbawa wazi, mbele yake anga tupu. Chini kushoto mimi, chungu cha kahawia chenye lenzi. Kati yetu ndoo iko hewani na chaza wanamwagika. Nyuma, wanawake wanne wameshika vichwa.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatoa kijiti cha meno. "Theluthi," alisema. "Theluthi. Na theluthi nyingine." Sauti ilikuwa inamtetemeka.

"Kona zote nne safi," alisema Dada wa Benki. Sijawahi kumsikia akitamka maneno hayo.

"Na haijaguswa," alisema Dogo. "Imetoka hivyo hivyo kwenye simu. Mstari wa bahari umenyooka kabisa. Ya kwako ile ya Ununio, kaka, samaki walikuwa wanamwagika."

"Kapigia chini sana huyu," Mwalimu akanitazama. "Unaona? Ndiyo ninachokwambia kila siku."

Hakuna aliyeuliza habari za bega. Nikaweka yangu. Jicho lilikuwa na nukta yake, kaa wa pili mdomoni, nyuma pameyeyuka pote. Wakaitazama kwa adabu. Mkia umekatwa, walisema. Na hili wingu la kahawia lililofunika miguu ni nini? Ni pindo la kanga, nikasema. Dogo akashauri nikate chini, nimbakize kichwa. Tukakata. Kwenye megapikseli 24 ikabaki kama robo, megapikseli 6, na Dada akasema sasa imerudi kuwa pasipoti.

Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba lazima tuipate ile ya kijana, yenyewe yenyewe, siyo hii iliyobanwa na WhatsApp. Namba yake ikapatikana. Nikampigia mimi, kwa kuwa tunafahamiana.

"Ah, marehemu! Mambo?"

Nikamweleza. Akasema elfu tano. Nikamwambia mdogo wangu, mimi ndiye nimelala pale. Tukaelewana elfu tatu, nikamtumia hapo hapo, na picha ikaingia. Alikuwa ameikata: sululu peke yake na anga.

Nikapiga tena. "Mbona mimi simo?"

"Hiyo ni ya ndege, bosi. Ukitaka na maiti, ongeza elfu mbili."