Taa ya Injini Imewaka na Abiria Wote Wameiona

Sasa hivi nimetoka kumshusha dada mmoja tunasali naye, lifti ya bure kabisa kutoka Segerea mpaka Buguruni, na kabla hajafunga mlango kainama dirishani kaniambia kwa sauti ya kufariji wagonjwa, "Kaka, ile taa ya njano uiangalie, isije ikakuzimikia njiani." Asante dada. Asante sana. Taa naiona, mimi ndo mwenye gari, naiona hata nikifumba macho. Hela ya kuiangalia ndo tungeongelea hapo, lakini hapo dada alishawahi daladala ya Temeke.

Wenye Toyota IST, hako kagari kadogo kalikojaa mjini, mnanielewa. IST ile ya kwanza, ya 2002 mpaka 2007, dashibodi haipo mbele ya dereva, ipo katikati. Mwenye Mark II taa zikimuwakia ni siri yake na Mungu wake, zimejificha nyuma ya usukani, abiria anakula upepo tu anamsifia gari zuri. Sisi tumeanikwa. Mafuta yakibaki ya kunusa, gari zima linajua, wanaanza kuangaliana. Nikigusa themanini, mama mkwe wangu kutoka siti ya nyuma, na miwani kaisahau Korogwe, anasema, "Baba, mwendo huo tunamkimbia nani?" Shikamoo mama, napunguza.

Na gari lenyewe linaongea. Ukiwasha tu kuna dada wa Kijapani anatoa tangazo, ni kile kidude cha kulipia barabara za kwao, anakwambia kadi haijachomekwa. Kila asubuhi. Kadi ya nini bibie, mimi naenda Kinyerezi kwenye vumbi, huko anayelipisha njia ni shimo. Ile sauti ina adabu mno, siku ya kwanza mama mkwe aliitikia "marahaba mwanangu," sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Sasa watu wa Dar gari likiongea hawalisikilizi, wanatafuta namna ya kulinyamazisha. Taa ya eabegi imewaka, bandika selotepu. Mkanda unapiga kelele, nunua kile kichuma cha kuchomeka, gari lidhani umevaa. Na hapa nataka niwe muungwana, maana waliolitengeneza hili gari sina kesi nao, kesi yangu ipo mtaani.

Nilisoma habari zao siku moja nimekwama foleni ya mataa ya Buguruni, na mnajua ukikwama pale unaweza kumaliza hata digrii. Huyu mzee Sakichi Toyoda, kazaliwa 1867, mtoto wa seremala, magari hayakuwa kazi yake. Yeye maisha yake yote kahangaika na mashine za kufuma nguo. Mwaka 1924 wakatoa mashine moja inaitwa Type G, na ujanja wake mkubwa ni kwamba uzi ukikatika mashine inasimama yenyewe. Haiendelei kufuma kitambaa kibovu huku inajifanya haijaona. Waingereza wa Platt Brothers, ambao ndo walikuwa wababe wa mashine za nguo enzi hizo, 1929 wakakubali kulipa pauni laki moja kwa haki za hiyo mashine. Muingereza ananunua mashine ya nguo kwa Mjapan! Mwanae Kiichiro akaona hapana, mimi nataka magari, 1933 akanunua Chevrolet akaifungua yote vipande vipande aone ndani kuna nini, sawasawa na fundi wangu tu, ila Kiichiro alikuwa na nia ya kurudishia. 1935 wakatoa lori lao la kwanza, G1, na kama gari lako limewahi kukulaza njiani jipe moyo, hilo lori lilikuwa linaharibika mpaka kampuni inatuma watu wake barabarani kulitengeneza. 1937 ndo ikasajiliwa Toyota Motor yenyewe. Corolla ikaja 1966, hiyo siwaelezi, nusu yenu mmejifunzia udereva humo na kuacha alama kwenye geti la mtu.

Ile akili ya uzi haikuishia kwenye nguo. Kiwandani kwao mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, na isipotatuliwa upesi laini nzima inasimama, bosi asimame, kila mtu asimame, watafute. Halafu kuna mzee mwingine, Taiichi Ohno, huyo akawazoesha kwamba ukikuta tatizo uliza "kwa nini" mara tano, maana jibu la kwanza huwa ni la kukufukuza tu. Kwa hiyo hiyo taa yangu ya njano ina ukoo. Ni mjukuu wa ule uzi uliokatika. Na mjukuu wa watu nikampeleka gereji.

Gereji yenyewe mnaijua, uwanja wa mtu aliyekwama kujenga, Noah mbili zimeota nyasi, mama ntilie pembeni, na dogo mmoja wa kazi ambaye muda wote nusu ya mwili ipo chini ya gari. Fundi akaiona taa hata sijazima gari.

"Hiyo ndogo bosi. Naitoa."

"Unatoa tatizo?"

"Natoa taa."

Nikamwangalia. Akanielewesha kwa upole kabisa, daktari na ndugu wa mgonjwa. "Wateja wangu wengi nimewatolea, wana amani sana. Kuifungua dashibodi ni elfu kumi na tano. Kama mambo hayajakaa vizuri nakubandikia selotepu nyeusi, hiyo nipe elfu mbili ya maji."

Hapo nikaona leo siondoki kinyonge. Nikashuka, nikachomekea shati, nikakohoa kidogo, nikamwambia fundi, leo tutafanya kazi kwa utaratibu wa kiwandani. Mama ntilie akazima redio. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiria kuziba pancha akasogeza kiti.

"Fundi. Kwa nini taa imewaka?"

"Sensa."

Nilijua. Gereji zetu kila kitu sensa. Gari inatetemeka, sensa. Inakula mafuta, sensa. Mlango haufungi, ngoja kwanza tuangalie sensa. Nikatulia, Wajapan wanasema usikasirike kwenye jibu la kwanza.

"Sawa. Kwa nini sensa imelalamika?"

"Bosi na wewe tuseme ukweli, mafuta unayoweka ya elfu kumi elfu kumi. Sensa ya Mjapan haijazoea maisha hayo."

Uwanja mzima ukacheka. Mama ntilie akacheka mpaka akashika sufuria. Mimi nina heshima zangu mtaani, nina watoto wanasoma, natajiwa kiwango changu cha wese mbele ya watu wanaokula wali maharage. Nikamwambia chomeka mashine tupime. Mashine hana, ni ya fundi mwenzake wa uwanja wa pili, ikaletwa na dogo, kichomeo na simu yenye kioo kilichopasuka. Ikasoma. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Fundi akanigeukia na uso wa ushindi, "Si nilikwambia mafuta kidogo?"

"Kwa nini hewa imekuwa nyingi?"

"Bosi, hapa ni pwani."

Naapa alisema hivyo. Hapa ni pwani. Eti upepo wa bahari umetoka Feri, umepita Kariakoo, umekata Buguruni, umekuja kuingia kwenye injini yangu peke yangu. Na kijana wa bodaboda akaitikia kwa kichwa, kwamba kweli siku hizi upepo upo.

Hapo ule utaratibu wa kiwandani ukanitoka. Nikapandisha boneti mwenyewe. Na mimi si fundi jamani, lakini macho ninayo, ile hosi nene inayotoka kwenye boksi la ea klina kwenda kwenye injini imechomoka upande mmoja, imekaa pale imeegemea, na injini inajivutia hewa pembeni ambayo ile sensa haijawahi kuipima. Kumbe sensa ya watu ilikuwa inasema kweli! Imekaa inasingiziwa!

"Fundi, kwa nini hii hosi imechomoka?"

"Haina klipu."

"Kwa nini haina klipu?"

Na hilo ndo lilikuwa la tano. Fundi akaanza kuifuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Dogo, ambaye sijawahi kumwona kichwa chake tangu nianze kwenda pale, akatoa kichwa chini ya Noah akamwangalia fundi, akakirudisha.

"Unakumbuka ile siku umekuja kubadilisha ea klina?"

Nakumbuka.

"Sasa siku ile kulikuwa na Vitz ya mwalimu, haina klipu, na mwalimu anawahi zamu ya mitihani bosi, watoto wa watu wanasubiri."

Mnaona mambo hayo. IST imejengwa juu ya Vitz, injini ni za familia moja ya NZ, kwa hiyo kitu cha huyu kinaingia kwa yule bila kubisha hodi, na tulivyokuwa tunanunua ndo sifa tuliyokuwa tunajivunia, "spea zinaingiliana." Zinaingiliana kweli, zinaingiliana tukiwa tumegeuka. Nikauliza la sita ambalo hata mzee Ohno hakuliagiza, kwa nini Vitz ya mwalimu haikuwa na klipu? Akasema ilienda kwenye Raum. Na Raum? Ilikuwa imeazimwa na Probox ya mzee anayesambaza mikate. Na Probox? Akasema, "Bosi huko sasa ni mbali, hapo nilikuwa bado nipo gereji ya Mwananyamala."

Yaani kuna klipu moja inazunguka Dar es Salaam nzima. Kila mwenye NZ anaimiliki kwa zamu. Mwalimu anayo sasa hivi, na siku akienda sevisi na yeye atawashiwa taa, na ataambiwa ni pwani.

Ikafungwa na bainding waya, ule wa kufungia nondo za nguzo, akanidai hela ya kazi. Kazi gani? "Bosi, tumetafuta tatizo hapa saa nzima." Tumetafuta! Nikalipa, kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye mkononi. Na msinifundishe habari ya kuchomoa temino ya betri ili taa izime, nimechomoa, inazima, halafu barabara yetu inautikisa ule waya unalegea, taa inarudi, dada wa kanisani anainama dirishani.

Nimeenda Kariakoo kutafuta klipu. Mwenye duka kaniuliza, "Unataka na hosi yake?" Nataka klipu. "Klipu haiuzwi peke yake, inakuja na hosi." Duka la pili hosi haiuzwi peke yake, inakuja na boksi la ea klina. Nikaona nikienda la tatu nitarudi nyumbani na injini nzima begani, nikaacha. Nikashuka Gerezani kwenye spea yuzdi nikakutana na vioo vya pembeni vimepangwa vizuri kweli kweli, kimoja kimekwanguliwa mahali ambapo sisi wengine huwa tunachonga namba ya gari. Sikuuliza kwa nini. Nilijishika mfukoni tu nikaendelea na safari.

Na redio je? Za Japan, FM yake inaanzia 76 mpaka 90, vituo vyetu karibu vyote vipo juu ya hapo, kwa hiyo kwenye foleni nina vituo viwili vitatu vya kubahatisha, kimoja mahubiri, kingine mpira wa jana. Kuna kidude cha kuongezea masafa, nilifungiwa, sasa napata vyote kwa wakati mmoja.

Mlangoni bado kuna kistika cha gereji ya huko Japan, tarehe ya kubadilisha oili, kimeandikwa mwaka 24. Wao wanahesabu kwa mfalme wao, enzi ya Heisei imeanza 1989, kwa hiyo hiyo 24 ni 2012. Aliyeniuzia alisimama mbele yangu akaapa kwamba ni kilomita elfu ishirini na nne. Kilomita!

Halafu watu wanakuita tajiri. Una gari, wewe tajiri. Shangingi linapita wanaliogopa, IST wanaizoea. Mgonjwa usiku, IST. Msiba Chanika, IST, tena saba, na mmoja kapakata sufuria. "Nitakuwekea mafuta" ndo wimbo, ukifika sheli anaangalia simu. Na anajua hayapo, si ameona hapo katikati kwenye dashibodi?

Sasa hivi hapa naandika, kamati ya harusi ya binamu wa mke wangu wametuma orodha ya msafara kwenye group. Gari yangu imepangiwa kubeba keki, eti kwa sababu "huwa inaenda taratibu." Sijaombwa, nimepangiwa. Nimeuliza mafuta anaweka nani, mhazini kajibu "tutaongea shemeji." Hapana shemeji, hiyo tutaongea naijua. Keki ikapande Noah, na hiyo Noah wakague kwanza kama ina klipu.